Tamaa Huanza na wa Nyumbani

Wanangu, mkitajiwa hadithi za kale za Ugiriki mnajua wa kuwataja: Hercules aliyemnyonga simba kwa mikono mitupu, Achilles na kisigino chake, Odysseus aliyehangaika miaka 10 njiani kabla ya kufika kwake. Hao wana sinema, wana vitabu vya picha, na kwenye michezo ya simu wamo. Sina neno nao. Ila kwa umri wangu huu nimeacha kuwatolea mfano vijana, maana sijamwona kijana hata mmoja aliyekutana na simba wa Nemea. Ninaowaona hukutana na mambo mengine. Hukutana na zawadi inayoletwa mlangoni wakati mwenye nyumba hayupo, na mali ya watu waliyoaminiwa kuitunza, na nyumba wanayotaka kuijenga upesi ili wenzao wakae ndani yake wale na kuwasifu. Na katika hadithi zile zile za Ugiriki wamo watu waliokutana na mambo hayo hasa. Ni watu wadogo. Wengine wamepewa mistari michache tu, wengine wana shairi zima lakini hakuna anayelisoma.

Nimekaa katika vikao vingi vya ukoo. Nimesuluhisha ndugu waliogombea viwanja, wake na waume waliofichana madeni, wana waliouza walichokabidhiwa. Neno nililolipata humo ni moja, na hao Wagiriki wadogo walilijua kabla yangu: tamaa haianzi kwa kumla mwenye nayo. Inaanza na wale waliomwamini.

Mchukueni Erysichthon. Alikuwa mwana wa mfalme Triopas wa Thessaly, na aliyeisimulia habari yake vizuri kuliko wote ni Callimachus, mshairi wa karne ya 3 kabla ya Kristo, mzaliwa wa Cyrene iliyo katika Libya ya leo, aliyefanya kazi kwenye maktaba ile kubwa ya Alexandria. Anasema palikuwa na msitu uliowekwa wakfu kwa Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Miti yake ilisongamana hata mshale usingepenya kwa urahisi. Ilikuwemo misonobari, mipeasi na mitufaha, na maji yalibubujika mitaroni. Siku moja Erysichthon aliingia humo na vijana 20 wenye nguvu zao, wote na mashoka mkononi. Mti wa kwanza waliouangukia ulikuwa mrefu ajabu, na chini yake ndipo mabinti wa kimungu wa msitu walipozoea kucheza jua likiwa utosini. Mti ukalia.

Demeter akausikia. Hakuja na radi. Alijigeuza akawa Nikippe, mama aliyewekwa na mji kuwa kuhani wake, na ufunguo wa hekalu ukining'inia begani. Akaanza kumsemesha kwa upole. Katika maneno yale machache anamwita "mwanangu" mara tatu. Mwanangu, acha. Mwanangu, wazazi wako walikuomba kwa miungu siku nyingi mpaka wakakupata. Waambie watu wako waache, usije ukamuudhi mwenye msitu. Kila nikifika hapo husimama, kwa sababu hivyo ndivyo onyo linavyokuja maishani. Linakuja kwa sauti ya mama mtu mzima anayekuita mwanangu, na kwa kuwa ni la upole unaona unaweza kulipuuza.

Erysichthon alimtolea macho makali, akamwambia asogee kando asije akapigwa shoka la mwili. Miti hii, akasema, ni ya kuezekea ukumbi wangu wa karamu, ambamo nitawalisha wenzangu siku zote washibe.

Angalieni alichokitaka. Hakutaka kuua wala kuiba kiti cha baba yake. Alitaka ukumbi mzuri na marafiki wa kuujaza, na hakuna mzee mwenye akili atakayemlaumu kijana kwa hilo. Baba yake alikuwa mfalme, na misitu mingine nchini haikukosekana. Lakini alitaka mbao za msitu ule, siku ile, na aliyemzuia akatishiwa shoka. Demeter akarudi katika umbo lake, miguu chini, kichwa kikigusa Olympus, akamwambia: haya, jenga ukumbi wako, maana karamu utakuwa nazo nyingi. Ikamwingia njaa isiyokwisha.

Kutoka hapo Callimachus anafanya jambo ambalo mshairi mwenye haraka asingelifanya. Anatuingiza nyumbani kwa akina Triopas. Watu 20 wanapika chakula cha mtu mmoja, wengine 12 wanamchotea mvinyo, naye anakonda. Na wazazi wanaona haya. Wanakuja watu kumwalika kwenye michezo ya sikukuu, mama yake anatoka mlangoni: hayupo, jana alikwenda Crannon kudai deni la ng'ombe 100. Anakuja mama mwingine, Polyxo, anamwoza mwanawe, anawaalika baba na mwana. Mama anajibu huku machozi yanamtoka: Triopas atakuja, lakini Erysichthon alijeruhiwa na nguruwe mwitu mlimani Pindus, leo siku ya 9 yuko kitandani. Mwaliko mwingine: amesafiri. Mwingine tena: amepigwa na kisahani cha michezo. Ameanguka garini. Yuko mlimani Othrys anahesabu kondoo. Na muda wote huo mwana yumo chumba cha ndani, anatafuna.

Mimi hapo siwezi kucheka. Nimewajua akina mama wa namna hiyo. Mwanao anabeti mshahara wote, au anakunywa, au anadaiwa na kila programu ya mikopo iliyomo kwenye simu yake, nawe unasimama mlangoni unamwambia jirani amesafiri kikazi. Unamwokoa na aibu, ndivyo unavyojiambia. Lakini katika shairi lile mama hakuokoa chochote kwa uongo wake. Alichonunua ni muda, na muda ule njaa iliutumia kula. Waliliwa nyumbu wa mizigo, akaliwa ng'ombe ambaye mama mwenyewe alikuwa akimlea kwa ajili ya sadaka ya Hestia, mungu wa kike wa moto wa nyumbani. Akaliwa farasi wa mashindano, akaliwa wa vita, mwisho akaliwa hata paka. Dada zake wawili wanalia, yaya aliyemnyonyesha analia, watumwa 10 wa kike wanalia. Triopas anakwenda kumlilia baba yake Poseidon, mungu wa bahari: mazizi yangu matupu, wapishi wamechoka, mwondolee ugonjwa huu ama mchukue umlishe mwenyewe. Callimachus anasema kwamba nyumba ilipokuwa bado na kitu, siri ilibaki kwa kuta za ndani. Nyumba ilipokauka, mwana wa mfalme alikwenda kukaa njia panda, akiomba makombo na mabaki ya mezani kwa watu.

Callimachus anamwacha hapo. Ovid, mshairi wa Roma aliyeishi zaidi ya miaka 200 baadaye, anaichukua habari hiyo hiyo katika kitabu cha 8 cha Metamorphoses na kuipeleka mbali zaidi. Kwake Erysichthon anauza kila kitu hadi abaki na binti mmoja, binti ambaye, asema Ovid, hakustahili kuwa na baba wa namna ile. Naye akamuuza.

Jina la binti Ovid hakulitaja. Tunalipata katika vipande vya shairi la kale sana, la orodha ya wanawake mashuhuri, lililohesabiwa kuwa la mshairi Hesiod na ambalo sehemu zake zimefukuliwa katika mafunjo ya Misri. Aliitwa Mestra. Nitarudi kwake, maana katika habari hii yote ndiye ninayemwonea uchungu zaidi.

Mwisho wa Erysichthon kwa Ovid ni kwamba alianza kujitafuna viungo vyake mwenyewe. Walimu hupenda kuukazia mwisho huo kwa kuwa unatisha. Mimi nawaomba muuhesabu mfuatano. Msitu wa mungu kwanza, kisha mali ya baba, kisha sadaka ya mama, kisha binti. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kabisa. Methali yetu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Siikosoi. Naongeza tu kwamba mauti hayo, nilivyoona mimi, mara nyingi huanguka kwanza juu ya mtu mwingine.

Sasa Eriphyle wa Argos. Mumewe alikuwa Amphiaraus, mwaguzi ambaye alichokiona hakikukosea. Kaka yake Eriphyle alikuwa mfalme Adrastus. Shemeji hawa waligombana, wakapatana, wakaapiana kwamba wakitofautiana tena, Eriphyle ndiye atakayeamua na wote wawili watafuata neno lake. Lilikuwa jambo la busara, nami kama msuluhishi nalisifu: huyu ni mke wa mmoja na ndugu wa mwingine, nani tena angewapenda wote wawili sawasawa?

Akaja Polynices. Mliosoma Mfalme Edipode, ile tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi alituletea kwa Kiswahili, mjue huyu ni mmoja wa wana wa mfalme yule. Alimtaka Adrastus, baba mkwe wake, ampe jeshi la kumng'oa ndugu yake kwenye kiti cha Thebes. Adrastus akakubali. Amphiaraus akakataa, kwa kuwa aliona wazi kwamba katika viongozi wote watakaokwenda, Adrastus peke yake ndiye atakayerudi. Ukawa ugomvi, na ugomvi ukawa wa Eriphyle kuuamua. Polynices alikuwa na mkufu aliourithi, kazi ya Hephaestus, mungu wa wahunzi, ambao Harmonia, bibi wa kale wa ukoo wake, alivishwa siku ya arusi yake. Amphiaraus alikwisha kumkataza mkewe asipokee kitu kutoka kwa mtu huyu. Akaupokea. Akaamua mumewe aende vitani.

Msiisome habari hii kama ya wanawake na vito, kama wengi walivyoisoma tangu zamani. Huo ni uvivu. Eriphyle alikuwa na amana ambayo wanaume wawili wenye nguvu waliiweka mikononi mwake kwa kiapo, na amana hiyo ndiyo aliyoiuza. Angekuwa hakimu, mwenyekiti wa kijiji au mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kosa lingekuwa lile lile. Homer, anapompitisha kati ya wafu katika kitabu cha 11 cha Odyssey, anampa maneno machache tu, yatoshayo kusema kwamba alipokea dhahabu kwa bei ya mumewe. Hakuna lingine analolikumbuka juu yake.

Kulikuwa na chungu kikubwa cha kuchanganyia mvinyo, kilichochorwa Korintho yapata mwaka 570 kabla ya Kristo, kikapatikana Cerveteri nchini Italia na kuwekwa Berlin mpaka kilipopotea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Picha zake zimebaki. Zinaonyesha siku ya kuondoka. Amphiaraus ameweka mguu garini, upanga mkononi, lakini uso ameugeuza nyuma. Watoto wake wamemnyoshea mikono. Nyuma yao wote, pembeni kabisa, Eriphyle amesimama na mkufu ameushika mkononi, mkubwa, mchoraji hakutaka mtu yeyote asiuone. Na upande wa pili, karibu na farasi, mzee ameketi chini, kiganja kwenye paji la uso. Anajua. Hakuna hata mmoja katika picha ile anayemtazama.

Amphiaraus naye simwachi hivi hivi. Kabla ya kupanda gari aliwaachia wanawe agizo: mkikua, mlipize kisasi kwa mama yenu. Mtu anayejua anakwenda kufa, anawatwika watoto mzigo huo? Alikuwa mwema, alidhulumiwa, na bado alikosea, tena kosa ambalo wazee wengi hulifanya: kuwarithisha watoto ugomvi wao badala ya kuumaliza au kuuzika nao. Huko Thebes ardhi ilipasuka mbele ya farasi wake ikammeza na gari lake. Baadaye watu walimjengea patakatifu huko Oropos, ambapo wagonjwa walilala usiku juu ya ngozi ya kondoo dume wakingoja ndoto ya kuwaponya.

Miaka 10 ikapita. Wana wa waliokufa wakataka kurudi Thebes kulipiza. Thersander, mwana wa Polynices, akamwendea Eriphyle, sasa mjane, na vazi la yule yule Harmonia. Akalipokea. Akawashawishi wanawe mwenyewe waende vitani.

Hapo ndipo kwenye kiini cha onyo langu. Mara ya kwanza mtu anaweza kujitetea kwamba hakujua mwisho wake. Mara ya pili alijua kila kitu. Kiti cha mumewe kilikuwa kitupu mezani, na bado mkono ulinyoka. Anayeuza mtu wake mara moja akafanikiwa huwa amejifunza njia, na safari ya pili haimtetemeshi kama ya kwanza. Mwanawe Alcmaeon alipojua yote mawili, alimuua. Mizimu ya kisasi ikamwandama akarukwa na akili, akahama mji hadi mji. Mkufu na vazi alimpa mke wa kwanza huko Psophis, kisha mke wa pili akavitaka, akarudi kwa baba wa mke wa kwanza na uongo kwamba anavipeleka kuviweka wakfu. Uongo ukagunduliwa, wakamuua njiani. Mwishowe vitu vile viliwekwa Delphi, kwenye hekalu la Apollo, ili visimkamate tena mtu.

Na hata huko havikutulia. Katika miaka ya 356 hadi 346 kabla ya Kristo, na hii sasa ni historia, viongozi wa Phocis waliiteka Delphi wakayayeyusha mali ya hekalu kulipa askari wa kukodi. Diodorus wa Sicily, aliyeandika katika karne ya 1 kabla ya Kristo, anasema wake za wakubwa hao waligawana mikufu ya kale. Aliyeuvaa mkufu wa Eriphyle, nyumba yake ilichomwa moto na mwanawe mkubwa aliyeshikwa na wazimu, akateketea humo. Vita na uporaji ule ni mambo yaliyotokea. Habari ya mkufu na moto mtaipima wenyewe. Mimi sitaki muogope mkufu. Dhahabu haina kosa.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Dolon yumo katika kitabu cha 10 cha Iliad. Alikuwa mwana wa tarishi wa Troy, mtoto wa kiume peke yake kati ya dada watano, kwao dhahabu na shaba tele. Hector, jemadari wa Troy, akaahidi zawadi kwa atakayekwenda usiku kuipeleleza kambi ya Wagiriki. Dolon akajitokeza, akamwapisha Hector kwamba atampa farasi wa Achilles, farasi ambao Hector mwenyewe hakuwa nao. Akajivika ngozi ya mbwa mwitu akatoka. Odysseus na Diomedes, Wagiriki wawili, wakamkamata, meno yakimgongana kwa hofu, na alichokifanya ili aokoe roho ni kuwaonyesha walipolala Wathrace, washirika wa Troy, wageni waliofika karibuni na hawakuweka mlinzi. Walichinjwa 12 usingizini, wa 13 mfalme wao Rhesus. Dolon alikuwa amekwisha kukatwa kichwa kabla yao, hata sentensi ya kuomba rehema hakuimaliza. Mkiwa na fedha za kwenu na bado mnaahidiwa farasi wasiokuwa wa mwenye kuahidi, mkumbukeni huyo.

Na Polymestor, mfalme wa Thrace katika tamthilia ya Hecuba ya Euripides. Priam, mfalme wa Troy, alimpa mwanawe mdogo Polydorus amtunze wakati wa vita, pamoja na dhahabu ya kumlea. Troy iliposimama alimtunza. Troy ilipoanguka alimuua mtoto akamtupa baharini, akabaki na dhahabu. Hecuba, mama wa mtoto yule, alimnasa kwa kitu gani? Kwa kumwambia kuna dhahabu nyingine. Akaja mbio, na wanawe wawili wadogo amewashika mkono, akaingia nao hemani. Wanawake wa Troy wakawaua watoto, yeye wakamtoboa macho. Watoto wale hawakujua hata habari ya dhahabu. Kisasi kile mimi nakiona dhuluma juu ya dhuluma, lakini aliyewapeleka hemani ni baba yao.

Najua mtakaloniambia. Babu, hizo ni ngano za watu walioabudu miungu mingi, sisi tunaye Mungu mmoja, zinatuhusu nini? Jibu langu ni kwamba muitoe miungu yote muone kinachobaki. Mtoeni Demeter: mwana wa mkubwa anaifuja nyumba ya wazazi hadi anamtoa bintiye kwa fedha. Mtoeni Hephaestus na mkufu wake: mwamuzi anapokea hongo, watu wanakufa, anapokea tena. Hakuna uchawi wowote unaohitajika. Na mtaniambia pia kwamba bila tamaa kijana hasogei. Kweli. Mimi sikuja kuwahubiria umaskini. Takeni nyumba, takeni gari, takeni cheo. Swali la kujiuliza si kiasi cha unachokitaka. Ni nani anayekilipia. Ukikopa, jina la nani umeliandika kuwa mdhamini, na je, anajua uliko na utakavyolipa? Hati uliyoipeleka kwa mkopeshaji, walio ndani ya nyumba ile wameambiwa? Fedha unayoizungusha wiki mbili halafu utairudisha, ni ada ya nani, ni dawa ya nani? Nikiwa kikaoni nikiona kijana anajibu haraka maswali ya kiasi na anababaika kwenye maswali ya jina, najua shauri limekwisha kuharibika, lililobaki ni kuhesabu waliomo.

Yupo na wa kuonywa ambaye hana tamaa yake mwenyewe: mfuasi. Wale vijana 20 wenye mashoka, Demeter alipojifunua, walikimbia wakaacha mashoka yamekwama kwenye miti, na akawaacha waende, kwa kuwa walikuja kwa amri ya bwana. Msiitegemee huruma hiyo. Kwa Ovid kuna mtumishi aliyesita na kujaribu kumzuia bwana wake, shoka likaondoka mtini likamkata kichwa. Mkubwa wako anapokuambia tia saini hapa, peleka mzigo huu, futa mstari ule kwenye daftari, ukisita unaweza kupoteza kazi, na sitawaficha kwamba ni uchungu mkubwa. Lakini siku mwenye msitu akija, mahakamani hawatakuuliza nani alikutuma kabla ya kukuuliza shoka lilikuwa la nani.

Sasa Mestra. Nilisema nitarudi kwake, na narudi kwa sababu wengi wenu mnaonisoma hamko upande wa Erysichthon. Mko upande wa anayeuzwa. Ni ninyi mnaotuma fedha nyumbani kila mwezi, na fedha ile inaishia kwenye njaa ya mtu mmoja: baba anayecheza kamari, kaka ambaye kila biashara yake hufa, mama aliyejiingiza kwenye upatu wa matapeli na anataka kuingia mwingine aokoe wa kwanza.

Baba yake alipomuuza mara ya kwanza, Mestra alikwenda ufukweni, mnunuzi akimfuata nyuma. Akanyosha mikono kuelekea baharini akamwomba Poseidon, aliyewahi kumtwaa, amwokoe na bwana huyu. Poseidon akambadili akawa mvuvi wa kiume na ndoana mkononi. Mnunuzi akafika, akatazama mchanga. Nyayo za msichana zinafika hapa, haziendelei. Akamwuliza mvuvi: amepita wapi msichana aliyesimama hapa sasa hivi, nguo duni, nywele timutimu? Mestra alifurahi kusikia anaulizwa habari zake mwenyewe. Akamjibu kwamba macho yake hayakuondoka majini, na akamwapia kwa bahari kwamba pwani hii hakusimama mwanamume isipokuwa yeye, wala mwanamke yeyote. Mnunuzi akaenda zake. Mestra akarudi katika umbo lake, akarudi nyumbani.

Na baba, badala ya kumkumbatia, akaona biashara. Akamuuza tena na tena. Aliondoka mara farasi, mara ndege, mara ng'ombe, mara paa, kila mara akitoroka na kurudi ili auzwe upya. Lile shairi la kale linasema Poseidon alimpeleka mpaka kisiwa cha Kos, akamzalia mtoto huko, na hata baada ya hapo alipanda merikebu akarudi kumwangalia baba yake.

Sitamlaumu binti kwa kumpenda baba yake. Hata siku moja. Lakini kipaji alichopewa kimwokoe ndicho kilichoilisha njaa miaka yote ile, na baba hakupona hata siku moja kwa kulishwa. Kwa hiyo wewe uliye Mestra, nakupa ruhusa ambayo huenda nyumbani hakuna mzee aliyekupa: mpe baba chakula, usimpe cha kuuza. Nunua unga mwenyewe, lipa dawa dukani mwenyewe, ada ipeleke shuleni kwa mkono wako. Fedha taslimu isipite kwake, na ukitukanwa kwa hilo, vumilia matusi. Usijibadilishe kuwa farasi mwingine, yaani usichukue mkopo mpya kwa jina lako kufunika ule wa zamani. Waite mjomba na shangazi, kikao kikae mchana, kila deni litajwe kwa jina la anayedai na kiasi chake, liandikwe, na mwenye deni awepo asikie. Kama ni kamari au pombe, atafutiwe mganga wa hospitali, kwa sababu hayo yana tiba na si laana ya mtu. Na majirani wakija na kadi ya arusi, mama asitoke mlangoni kuzungumzia nguruwe mwitu wa Pindus. Awaambie yumo ndani, anaumwa, karibuni mkamwone.